Polisi wa eneo letu hujiandaaje na tukio ambalo hawajawahi kuliona?

Mwanakamati:
Habari zenu wakuu. Nimeingizwa kwenye kamati ya usalama inayokaa na polisi wa eneo letu. Kikao kijacho kinahusu dharura na matukio yasiyo ya kawaida: mtu mwenye bunduki shuleni, bomu, sumu ya hewani, watu kutekwa. Wizi na ajali wanazimudu, hilo naliona. Ila haya mengine, ambayo askari anaweza kustaafu bila kukutana nayo, wanajiandaaje? Na mimi raia niulize nini, nisiishie kuonyeshwa magari mapya?

Mzee wa Zamu:
Karibu ndugu. Mimi ni askari mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikaa chumba cha mawasiliano, na mwishoni nikawa nawafundisha vijana wanaopokea simu. Nitaanzia hapo, kwa sababu dharura hukifikia kituo kwa njia ya simu kabla askari yeyote hajashika silaha.

Angalia Norway, tarehe 22 Julai 2011. Bomu limelipuka Oslo, raia akapiga simu kueleza alivyomwona mtu mwenye silaha akiingia kwenye gari, na namba ya gari akaitaja. Aliyepokea akaandika kwenye kikaratasi cha njano, akakipeleka mezani kwa mkubwa wake. Kikalala pale kama dakika 20. Mtu yule akafika kisiwa cha Utøya na kuua watu 69. Askari wenyewe walipofika ufukweni walijazana na vifaa vyao kwenye boti dogo hadi likaingiza maji na injini ikazima. Tume ya uchunguzi ilieleza mwaka 2012 kwamba mipango ilikuwepo, ila haikutumika ipasavyo. Kile kikaratasi huwa kinaniuma hadi leo, maana raia alikuwa ameshafanya kazi yake.

Kwa hiyo uliza: taarifa ikishapokelewa, inamfikiaje askari aliye barabarani, na nani anahakikisha imefika? Wakisema "tuna mfumo", omba uonyeshwe ukifanya kazi.

Uingereza askari wa kwanza kufika hutoa taarifa kwa mpangilio mmoja: kama ni tukio kubwa, mahali hasa, aina ya tukio, hatari zilizopo, njia ya kuingilia, idadi ya majeruhi, huduma zilizopo na zinazotakiwa. Zimamoto na watu wa gari la wagonjwa hutumia mpangilio huohuo. Vijana wangu niliwafundisha hivyo huku nimefungulia kanda ya king'ora na mtu anayepiga mayowe, na katikati ya maelezo nawapigia simu ya pili. Wengi walisahau njia ya kuingilia. Ukiisahau hiyo, magari yote yanakwenda kuziba mtaa mmoja na gari la wagonjwa halitoki.

Halafu uliza nani anaamuru. Katika mfumo wa amri uliotokana na mioto mikubwa ya California ya 1970, afisa wa kwanza kufika ndiye kamanda, hata akiwa na cheo cha chini, mpaka apokewe rasmi. Manchester, Uingereza, mwaka 2017, bomu lilipoua watu 22 ukumbini, mzigo ulimlemea afisa mmoja wa zamu, na zimamoto walifika eneo la tukio baada ya zaidi ya saa mbili.

La mtu mwenye bunduki: kabla ya mauaji ya shule ya Columbine, mwaka 1999, askari wa doria Marekani walifundishwa kuzingira jengo na kusubiri kikosi maalumu. Baada ya pale, wa kwanza kufika anaingia. Basi uliza kama askari wa doria wa kawaida amefanyishwa zoezi hilo. Kikosi maalumu kinaweza kuwa hodari na kikafika kila kitu kimekwisha.

Nesi wa Dharura:
Shikamoo mzee. Naongezea la sumu. Tokyo mwaka 1995, gesi ya sarin ilipomwagwa kwenye treni za chini ya ardhi, wagonjwa walifika hospitali na nguo zilezile, na wahudumu wengi nao wakaanza kuumwa macho na kuona giza. Waingereza humfundisha askari kuhesabu: ameanguka mtu mmoja bila sababu inayoonekana, nenda kama kawaida, wawili, nenda kwa tahadhari, watatu au zaidi, shuku sumu, ongeza tahadhari na toa taarifa mapema. Mwanakamati, uliza kama hospitali hualikwa kwenye mazoezi yao. Sisi mara nyingi huletewa barua zoezi likiwa limeshafanyika.

Mwanakamati:
Marahaba ya mzee mtaimalizia wenyewe, mimi nashukuru nyote. Wameshatuambia kwamba hufanya zoezi kubwa kila mwaka uwanjani, na waandishi wa habari huitwa. Je, linatosha?

Mzee wa Zamu:
Marahaba binti, umesema kweli tupu.

Mwanakamati, zoezi linalofanywa mbele ya kamera hupangwa lisiharibike, na mimi nalitaka liharibike, kusudi tujue wapi. Omba wafanye zoezi la mezani: wakuu wa polisi, zimamoto na hospitali, ramani moja, na mtu wa kuwavurugia. Saa nane usiku, redio zimekata, mkuu wa kituo yuko likizo, daraja halipitiki. Halina gharama ya maana. Kisha uliza ripoti ya zoezi lililopita iko wapi na ni kitu gani kilibadilishwa kwa sababu yake.

Na wakikuletea kitabu cha mpango wa dharura, fungua ukurasa wa namba za simu, chagua moja, waombe waipige palepale kikaoni.