Bosi amezima masasisho yote ya kompyuta: ana haki?

Mleta mada, Busia

Wakuu, tujadili hili bila kurushiana maneno. Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta tisa za ofisi ya uwakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Miezi mitano iliyopita, asubuhi, printa ya kaunta iligoma. Nje malori yamepanga foleni, dereva mmoja anagonga dirisha kwa funguo. Ndani draiva ya printa, ile programu inayoiunganisha na kompyuta, nayo haisogei. Siku hiyo madereva wa kila aina walikwama.

Nilihangaika saa nzima na nyaya, swichi, wino, wapi! Kilichonifumbua macho ni kompyuta ya dada wa hesabu aliyekuwa likizo ya uzazi. Ilikuwa haijawashwa wiki tatu. Nikaiwasha, nikatuma karatasi ya majaribio kabla haijapata nafasi ya kupakua chochote, ikatoka papo hapo. Basi printa ni nzima. Nikarudi kaunta, nikafungua orodha ya masasisho yaliyowekwa, nikaipanga kwa tarehe: moja liliingia usiku uliopita. Nikaliondoa hilo hilo tu, nikawasha upya, karatasi zikaanza kutoka.

Nikiri na langu: ile draiva niliipachika mwenyewe kutoka CD iliyokuja na printa miaka hiyo, na sikuigusa tena. Sasisho lilikaza ulinzi, draiva kuukuu ikabaki nje.

Bosi hakutaka kusikia. "Zima yote, mpaka nitakapokwambia." Hajaniambia mpaka leo. Mimi naona amekosea. Nilichoondoa nakijua kwa namba yake. Yaliyozuiwa tangu siku ile hatujui hata yalikuwa yanaziba matundu gani ya usalama. Nyinyi mnasemaje?

Mchangiaji, Jinja

Mzee yuko sahihi kabisa. Mimi nina maabara ya shule, kompyuta thelathini. Zikiamua kupakua kwa pamoja, bando la mwezi linaisha kabla ya chai ya saa nne, na tangu Julai 2021 kila bando tunalipia ushuru wa asilimia 12. Halafu skrini inakwambia "usizime kompyuta", imefika asilimia 34, umeme huo unakwenda. Usasishe nini tena hapo? Sisi tunazima, na watoto wanasoma.

Mchangiaji, Kampala

Ndugu wa Jinja, nakuheshimu, lakini bando lina dawa. Washa ile sehemu ya kompyuta kugawiana masasisho kwenye mtandao wa ndani, ili kilichokwisha kupakuliwa na moja zingine zikichukue kwake. Au weka seva moja ya WSUS, yaani kompyuta ya kusimamia masasisho ya Windows: inapakua mara moja, wewe unaidhinisha lipi liende wapi. Kuzima hakuna dawa.

Mmesahau WannaCry, ile programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia? Microsoft walitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lililotumika, Machi 14, 2017. Shambulio likaja Mei 12. Hesabu mwenyewe: siku 59. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Wengi walioumia walikuwa na kiraka kinawasubiri, hawakukiweka. Bosi wa Busia amekaa miezi mitano! Na hayo mafaili yenu yana pasipoti na namba za kodi za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayezitunza azilinde. Siku zikivuja, kisingizio cha printa hakitasikilizwa.

Mchangiaji, Jinja

Sawa, na Julai 19, 2024 je? Kampuni ya CrowdStrike walituma sasisho bovu, kompyuta milioni 8.5 zikabaki na skrini ya buluu, ndege hazikuruka. Walioumia siku ile ni wale watiifu, wenye kupokea kila kitu!

Mchangiaji, Kampala

Ile ilikuwa programu ya ulinzi, si mfumo endeshi wenyewe, yaani Windows. Lakini hoja yako naikubali nusu. Kosa kubwa lilikuwa kutuma kwa wote kwa mara moja. Na mateso yakaja kwenye kurekebisha: mafundi waliingia kompyuta moja moja kwa hali salama (safe mode), wakafuta faili lililoharibu. Penye diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data, ilidai kwanza ufunguo wa urejeshaji, tarakimu 48. Nawauliza nyote: wenu umeandikwa wapi?

Mstaafu wa jeshi, Bombo

Mimi si mtu wa kompyuta, nina duka la fotokopi tu. Ila kwenye lindo hatukubadilisha zamu wote kwa dakika moja. Anaingia mmoja, anatulia, ndipo mwingine anatoka. Hizo tisa mbona mnazipeleka kama kwaya?

Mleta mada, Busia

Afande amesema ninalolitaka mimi. Kompyuta mbili zitangulie: yangu, na moja ya nyuma isiyohudumia mtu. Zikae siku tano zikichapisha nyaraka halisi, si karatasi ya majaribio tu. Saba zifuate, kaunta iwe ya mwisho. Zikiharibika, nijue nitaondoa nini. Jinja, hata wewe kwa thelathini zako ungeanza na tatu, usiku, zikiwa kwenye UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika.

Ule ufunguo wa tarakimu 48 umenitoa jasho. Nimekagua leo: kompyuta nne zina diski iliyofungwa, funguo nimepata mbili.

Kuna jingine. Sita kati ya tisa ni Windows 10, na msaada wake wa Microsoft uliisha Oktoba 14, 2025. Kwa ofisi, kuongezewa muda wa kupata masasisho ya usalama ni dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inapanda maradufu kila mwaka. Dola 366 kwa sita zetu. Bosi akasema kwani si tulishazima?

Nimemwandikia barua atie sahihi kwamba amri ya kuzima ni yake. Iko mezani kwake tangu Jumatatu. Leo nimepita, nimekuta ameweka kikombe cha chai juu yake.