Naomba ushauri: mke wangu anasema nimerogwa na filamu moja

Mwana_Kondele: Habari wadau. Niko Kisumu, nauza vifaa vya simu. Nampenda Ousmane Sembène, yule Msenegali aliyekuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi na mwongozaji. Mandabi yake ya 1968 nimeirudia hadi mke wangu anahama sebule ikianza. Mwanzoni nilimcheka tu mzee Dieng na majivuno yake. Siku hizi macho yangu yako kwa makarani wanaomzungusha na wake zake wanaofunika aibu za nyumba. Kurudia hivi ni ugonjwa?

Omena_Kavu: Mimi narudia mechi za zamani za Gor Mahia na hakuna aliyenipeleka hospitali.

Shosho_wa_Nakuru: Mjukuu wangu, marehemu babu yenu alirudia kanda za kwaya mpaka zikakatika. Mnaoa ya nini?

Fundi_Stima: Mke hahami sebule kwa sababu ya filamu tu. Sema yote.

Mwana_Kondele: Haya. Nimelipa dipoziti ya projekta niwaonyeshe vijana wa mtaa. Pesa ni za mpwa wangu aliye Doha, alinitumia nimwekee. Si wizi, kiingilio kitazirudisha. Sembène mwenyewe aligeukia filamu kwa kuwa wengi kwao hawakuweza kusoma vitabu vyake. Kazi kama hiyo ingoje ruhusa ya mpwa?

Wakili_wa_Bure: Kiingilio? Una leseni ya bodi ya filamu? Mwenye filamu amekubali?

Omena_Kavu: Filamu ya Kiwolofu, Kondele, Jumamosi ya mpira! Watakuja wa kuchaji simu.

Sinema_Kiboko: Ngojeni kwanza. Mpwa ng'ambo, pesa za kuwekewa, mjomba mwenye mipango? Hiyo ndiyo Mandabi yenyewe! Mpwa wa Dieng anatuma hawala ya faranga 25,000 kutoka Paris, nyingi ni za kumwekea. Posta inataka kitambulisho, mzee hana, na huku deni la duka linapanda na majirani wanapanga foleni kukopa. Jamaa amehamisha Dakar kuileta Kisumu, na nyinyi mnampa ushauri!

Fundi_Stima: Aisee. Weka picha ya risiti.

Mwana_Kondele: Risiti ina jina langu, siweki. Na Dieng hakuzishika zile pesa hata siku moja, mimi zangu ziliingia M-Pesa bila karani yeyote. Hizo ni hadithi mbili.

Shosho_wa_Nakuru: Ya kweli au ya kutunga, mpigie huyo mtoto leo.

Mwana_Kondele: Nitampigia projekta ikifika, shosho. Kwa sasa, nani anajua bei ya kitambaa cheupe kipana pale Kibuye?