Naomba ushauri: nimepangiwa chumba cha ECG (kipimo cha umeme wa moyo), nianzie wapi?

MwanaTandahimba: Habari zenu wakuu. Ni tabibu msaidizi kwenye kituo cha afya huku Tandahimba. Tumeletewa mashine ya ECG na mfawidhi kanipangia mimi. Moyo chuoni tulisoma: vyumba vinne, vali nne, damu inaingia kulia, inaenda mapafuni, inarudi kushoto na kusukumwa mwilini. Kinachonishinda ni kuhusisha moyo ule na mistari ya kwenye karatasi. Juzi bibi mmoja kapimwa na watu wawili tofauti, karatasi zikatoka kama za wagonjwa wawili! Nataka daktari aamini ninachompelekea. Nisome nini kwanza?

NesiMasasi: Hongera mdogo wangu. Mawimbi yasubiri, jifunze kubandika. Elektrodi, yaani vibandiko vya kunasa umeme wa moyo, ni 10: nne za mikono na miguu, sita za kifua (V1 hadi V6). Mashine ndiyo inayotoa lidi 12, yaani michoro 12 ya moyo kutoka pande tofauti. Usikadirie kwa macho. Weka kidole kwenye kishimo cha koo, shuka juu ya kidari (mfupa wa katikati ya kifua) hadi ukutane na kituta. Pembeni yake ni ubavu wa pili, na chini ya ubavu huo ni nafasi ya pili kati ya mbavu. Hesabu mpaka ya nne: V1 kulia kwa kidari, V2 kushoto. Ruka V3 kwanza, weka V4 nafasi ya tano, usawa wa katikati ya mtulinga (mfupa wa bega hadi shingoni). V3 inakaa kati ya V2 na V4. V5 na V6 zinakwenda usawa uleule wa V4 kuelekea kwapani, V6 ikiwa chini ya katikati ya kwapa. Wengi huweka V1 na V2 juu mno, na karatasi inabadilika.

Kwa akina mama, V4 inabandikwa chini ya titi, si juu yake. Mweleze kwanza, vuta pazia, mwachie kanga yake ajifunike mara ukimaliza kubandika.

KakaMikindani: Dada kamaliza upande wa kubandika. Sasa fuata njia ya umeme. Unaanzia nodi ya SA (kituo kinachoanzisha mapigo), chumba cha juu kulia, unasambaa vyumba vya juu: hilo ndilo wimbi P. Ukifika nodi ya AV (kati ya vyumba vya juu na vya chini) unacheleweshwa kidogo ili damu imiminike vyumba vya chini. Halafu unashuka kifungu cha His hadi nyuzi za Purkinje (njia za umeme za vyumba vya chini), unapata mawimbi ya QRS. Wimbi T ni vyumba vya chini vikijiandaa upya. Kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04, kikubwa 0.2. Mapigo yakiwa na mpangilio, gawa 300 kwa visanduku vikubwa kati ya R (kilele cha QRS) na R inayofuata. Vikiwa vinne, ni mapigo 75 kwa dakika.

Mkorosho: Na joto letu hili, futa jasho ukaushe ngozi, la sivyo elektrodi zinabanduka na mstari unayumba. Nyaya soma herufi, maana rangi hutofautiana kati ya mashine. Ukibadilisha mikono, lidi ya kwanza inapinduka.

MwanaTandahimba: Asanteni sana. Na akija mtu kifua kinambana?

NesiMasasi: Huyo hapangi foleni. Ndani ya dakika 10 tangu afike awe amepimwa na karatasi iko mkononi mwa daktari. Andika jina, saa, na kama maumivu yalikuwepo wakati unapima. Tafsiri mwachie daktari.

MwanaTandahimba: Sawa dada. Kesho naanza kuhesabu mbavu za wenzangu wa zamu.