Nakosa diski za karibu, lakini nikipata inakuwa moshi. Tatizo ni kartriji au choki?

MlengajiRongai
Wadau, habari za Jumatatu. Naomba ushauri wenu.

Nimeanza kulenga diski za udongo zinazorushwa hewani mwaka huu. Bunduki yangu ni ya marisau (chembe ndogo za risasi), saizi 12, mitutu miwili ya juu na chini, kibali kipo. Diski nyingi hupita mita 20 hivi kutoka niliposimama, chache hufika 30. Katika 25 napata 9, siku njema 10. Kinachonishangaza, nikiipata haivunjiki vipande, inageuka moshi mweusi hewani. Nikikosa, hata kipande hakibanduki.

Muuzaji mmoja mjini alinishauri nichukue kartriji nzito, zenye gramu 36 za marisau. Nimemaliza boksi mbili na hakuna kilichobadilika, ila bega limevilia damu hadi mke wangu akauliza nimeanguka wapi. Pesa inaisha na moyo unavunjika.

Choki, yaani vibomba vya kuskrubu mdomoni mwa mtutu ili kubana au kutawanya marisau, ninazo jozi tano, zina chale ukingoni, kuanzia moja hadi tano. Natumia ya chale moja kwenye mitutu yote miwili, kwa kuwa ndiyo iliyo wazi zaidi. Ninunue kartriji gani?

MamaShabaha
Ndugu yangu, usinunue chochote kwanza. Umezisoma chale kinyume. Chale moja ndiyo inayobana kuliko zote, tano ndiyo wazi. Wengi huhesabu kama wewe.

Choki iliyobana kabisa, kwa mita 18 hivi, hutupa marisau kwenye duara la takriban sentimita 40. Ya chale nne inafika kama 65. Diski yenyewe ni sentimita 11. Ndiyo maana ukiipata unaisaga, na ukipotoka kidogo tu unapita kando. Zaidi ya hapo, Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi haiyatawanyi marisau upesi kama ya Mombasa.

Weka chale tano mtutu wa kwanza na nne wa pili. Kartriji ya gramu 24 au 28 inatosha. Kwenye Olimpiki hawaruhusiwi kuzidi gramu 24 na baadhi ya diski zao ni za mbali kuliko zako.

FundiWaKitako
Naunga mkono, ila ndugu asiamini maneno yetu, aamini karatasi. Gundisha karatasi nne za manila ziwe ukuta mmoja, weka nukta katikati, simama mita 20, inua bunduki upesi kama kawaida yako na upige mara moja. Badilisha karatasi, rudia mara tatu kwa kila choki na kila aina ya kartriji. Mitutu miwili ya bunduki moja inaweza kutawanya tofauti, hata choki zikiwa na alama sawa.

Ukisoma boksi, angalia unene wa marisau kwa milimita, usiangalie namba ya saizi tu, maana namba 7 ya nchi moja si 7 ya nyingine. Milimita 2.4 itakufaa hadi mita 30 na zaidi. Gramu 28 za saizi hiyo ni chembe kama 350. Za milimita 2.0 ni nyingi zaidi, zaidi ya 550, nazo ni tamu kwa diski za karibu, lakini mbali zinakosa nguvu. Tazama na kizibo kilicho kati ya baruti na marisau: cha plastiki huyashika pamoja kidogo, cha nyuzi huyaachia mapema.

Na tafadhali: hakikisha bunduki haina kitu kabla ya kugusa choki. Usipige mtutu ukiwa hauna choki, utaharibu nyuzi za skrubu zilizo ndani yake. Urefu wa kartriji usizidi ulioandikwa kwenye mtutu. Marisau ya chuma usiyapitishe kwenye choki iliyobana.

Kijana_Kiserian
Hizi hesabu zinafaa kwa kanga na kwale pia?

MamaShabaha
Ndege hai wako chini ya sheria ya wanyamapori, mwanangu. Uliza KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kutoa bunduki kabatini. Hapa tunazungumza udongo.

MzeeWaNgong
Mimi sidhani ni choki peke yake. 10 kwa 25 ni chache mno. Nyoosha mkono, elekeza kidole kwenye taa ukiwa umefumbua macho yote mawili, kisha fumba la kushoto. Kidole kikiruka, jicho lako la kushoto ndilo linalotawala, na kama unalengea bega la kulia utapiga kushoto siku zote.

MlengajiRongai
Wazee wangu, nimerudi kutoka kiwanjani na karatasi ziko kwenye gari. Chale moja ilitoboa shimo la kuingiza ngumi, pembeni chembe za kuhesabika. Chale tano imesambaa vizuri, hakuna nafasi ya diski kupenya. Kwa gramu 24 nimepata 15 kwa 25 na bega limenyamaza.

Lakini karatasi zote sita, kitovu cha marisau kiko shibiri moja kushoto kwa nukta. Na kidole kiliruka, Mzee.

MzeeWaNgong
Basi leta bunduki Jumamosi, na usimruhusu mtu akate kitako cha bunduki kabla sijakuona. Njoo na miwani yako na kipande cha selotepu. Tutaziba kioo cha kushoto kwanza, tupige karatasi tena.