Mrejesho: Bima ya kudhaminiana Florida na ile hati ya uwakili

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama ni halali kwa kampuni ya bima ya nyumba hapa Florida kunitaka nisaini hati ya uwakili (ya kumruhusu mwingine atende kwa niaba yangu) kabla ya kunikatia bima. Ahsanteni kwa majibu. Nimeisoma Sura ya 629 ya sheria za jimbo na nimeridhika kwamba hati hiyo si utapeli, bali ndiyo msingi wa mfumo wenyewe wa bima ya kudhaminiana, kwa kuwa wanachama, yaani wenye bima, hudhaminiana wao kwa wao, na wakala wao wa kisheria (ambaye mara nyingi ni kampuni, wala si mwanasheria kama nilivyodhani) huingia mikataba kwa niaba yao. Chombo cha bima cha namna hii huanzishwa na wakazi wa Florida wasiopungua 25, na hakiuzi bima bila cheti cha mamlaka ya bima ya jimbo. Kilichonisumbua zaidi ni wanachama kudaiwa malipo ya nyongeza chombo kikipata hasara: sheria inaruhusu, isipokuwa pale mamlaka ilipothibitisha akiba yake na kukiruhusu kutoa bima zisizo na nyongeza hiyo. Yangu imeandikwa hivyo waziwazi, nami nimesaini.