Shilingi imepata nguvu, mbona nauli ya boti haishuki?

Mkaazi_Langoni
Asalaam aleikum wanajukwaa. Januari 2024 dola ilifika shilingi 160 hivi, katikati ya mwaka ikawa 129. Petroli Nairobi iliuzwa 217.36 kwa lita Oktoba 2023, mwaka mmoja baadaye 180.66. Lakini boti ya kutoka Mokowe, bara, hadi Amu (Lamu), kushusha mzigo gatini, bei za dukani, yote palepale. Tena vijana walijaa barabarani kuandamana Juni 2024 wakati mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 4.6 tu. Nani atatufafanulia kwa hesabu, si kwa maneno ya vyama?

Fundi_Mashine
Waaleikum salaam. Mimi naanza na mafuta. Kila lita ya petroli ina tozo ambazo hazijali dola imelala wapi: ushuru wa bidhaa 21.95, matengenezo ya barabara 25 (ilikuwa 18 hadi Julai 2024), maendeleo ya petroli 5.40. Hapo ni 52.35, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) bado, ambayo Julai 2023 iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16. Shilingi ikipata nguvu, kinachopungua ni ile sehemu iliyonunuliwa kwa dola. (Na ndiyo, boti inalipia lami isiyoikanyaga.)

Sasa pima boti yenyewe. Mashine ya nguvu za farasi 15 ya kuchanganya oili ikikazwa inakunywa lita 6 hivi kwa saa. Petroli imeshuka 36.70, zidisha kwa 6, unapata shilingi 220 kwa saa. Nafuu yote ndiyo hiyo, na nahodha haiteremshi kwenye nauli kwa sababu ana plagi na propela alizoahirisha tangu bei zipande. Kibaya zaidi ni oili. Kipimo ni lita 1 kwa lita 50 za petroli. Hali ikibana, ndiyo ya kwanza kupunjwa, mtu anatia nusu. Mashine inawaka vizuri tu, hata moshi unapungua, anadhani amepata. Lakini pistoni inakosa utelezi, inapata moto, inakwaruza silinda, na siku moja inanoki katikati ya mkondo. Gharama ya silinda hiyo abiria atailipa muda mrefu baada ya dola kutulia.

Daftari_la_Deni
Fundi amesema. Mimi naongeza kwamba mfumuko kushuka si bei kushuka. Ni bei kupanda polepole. Chukua kapu la shilingi 100 la Oktoba 2021. Oktoba 2022 mfumuko ni 9.6, kapu linakuwa 109.60. Oktoba 2023 ni 6.9, linafika 117.16. Oktoba 2024 ni 2.7, redioni wanasherehekea, kapu liko 120.33. Hakuna mwaka lililorudi nyuma.

Ndipo uje kwenye karatasi ya mshahara. Wa shilingi 30,000 alikuwa akikatwa 200 za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kufikia Juni 2024 ni 1,800, na tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 450. Zimeondoka 2,050 zaidi kabla ya kurekebisha PAYE, kodi ya mshahara. Juu ya hapo Muswada wa Fedha ukataka VAT ya 16 kwenye mkate: wa 65 ungefika 75.40. Mfumuko mtu hauoni, mkate anaushika kila asubuhi. Muswada uliondolewa Juni 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, na Julai 11 karibu baraza lote la mawaziri likafutwa.

Mbuyuni_MLD
Huku Malindi hesabu inageuka. Chumba cha hoteli kilichofungwa mkataba wa euro 50 kilileta karibu 8,700 Januari 2024. Mwishoni mwa mwaka huo ni kama 6,700. Shilingi ikiimarika hoteli inapata kidogo, na wa kwanza kupumzishwa ni kibarua wa msimu.

Na si lazima dhoruba itoke Nairobi. Desemba 2011 serikali ya Monti kule Italia, ikihangaika na deni, iliweka kodi ya asilimia 0.76 kwa nyumba za wakaazi wa Italia zilizo nje ya nchi, na ikasimamisha nyongeza ya pensheni za zaidi ya mara tatu ya kiwango cha chini. Mstaafu mwenye villa hapa alibanwa pande mbili. Hauzi villa; anapunguza shamba boi, kisha askari wa mchana. Kwao hasira iliingia kwenye sanduku la kura: Februari 2013 chama kipya cha Nyota Tano kilipata karibu robo ya kura. Askari wa Malindi hakuwa na kura kule. Kodi yenyewe ilipandishwa hadi 1.06 mwaka 2024.

Mkaazi_Langoni
Ahsanteni. Sasa mtu wa kawaida anashika wapi?

Daftari_la_Deni
Muswada wa Fedha wa kaunti, ndugu yangu. Ule wa taifa watu wameujua, huu unapita kimya. Bunge la kaunti lina siku 90 za kuupitisha baada ya kupitisha Muswada wa Matumizi, ule wa bajeti. Ndani yake mna leseni ya duka, ushuru wa soko, sesi (ushuru wa mazao na bidhaa). VAT na ushuru wa mafuta kaunti haiwezi kuzigusa, usipoteze karatasi huko. Andika ukurasa mmoja: namba ya kifungu, kiwango cha sasa, kinachopendekezwa, unachotaka wewe, na hesabu ya mzigo mmoja kutoka Mokowe hadi dukani. Peleka kwa karani wa bunge nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ya "maisha ni magumu" bila kifungu hawana pa kuiingiza.