Naombeni ushauri: nimeshindwa kumaliza picha ya kauboi aliyoipenda marehemu baba

Binti wa Ngamiani

Salaam wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia "hiyo ni picha tu".

Baba yangu alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Alikuwa mtu wa picha za kauboi tangu ujana wake. Sisi watoto tunakaa mkekani, yeye kwenye kiti chake, na tukianza kufumba macho anatuambia, "Tulieni, steringi hafi." Karibu zote alizozipenda nilizitazama naye. Moja tu alikataa kunionyesha: The Wild Bunch ya mwaka 1969, aliyoiongoza Sam Peckinpah. Nikimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Hiyo utaitazama ukiwa mtu mzima." Sasa nina miaka 38, na kwenye daftari lake la picha nimeikuta ameipigia mistari miwili.

Ijumaa usiku nikaiweka. Inaanza na watoto wanacheka. Wamemtumbukiza nge kwenye lundo la sisimizi wekundu, wanachokoa kwa vijiti, halafu wanawafunika nyasi kavu wote na kuwatia moto. Nikajikaza. Mara majambazi waliovaa sare za jeshi la Marekani wanaingia ofisi ya reli kuiba, kumbe juu ya paa wamejibanza watu wenye bunduki wanawangoja. Na katikati ya barabara kunapita maandamano ya watu wa chama cha kupinga pombe, wanawake na wazee, na bendi yao. Risasi zikaanza, na kila mtu akapigwa, hata asiyehusika. Mwanamke akakanyagwa na farasi. Wakati maiti bado zimelala barabarani, watoto wakatoka kucheza wakiigiza kupigana risasi.

Nikazima. Sikulala vizuri.

Naomba ushauri kwa mambo mawili. Je, niendelee, au huko mbele ni damu tu mpaka mwisho? Na mwanangu wa kidato cha kwanza amesikia ni picha ya babu yake, anataka tuitazame pamoja. Nifanyeje? Lakini linalonisumbua zaidi ni jingine. Baba alikuwa mpole, hata kuku alikuwa anampa jirani achinje. Aliipendea nini?

Mzee wa Mikanda

Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Nilikuwa na banda la video Moshi miaka ya tisini, na mkanda huo niliuonyesha mara mbili tu. Wateja walikasirika. Walizoea picha ambayo adui anapigwa risasi moja, anashika kifua, anadondoka, shati halina doa. Hii ikawaonyesha kwamba aliyepigwa risasi anavuja damu, na pengine hafi upesi.

Lazima ujue ilitoka wakati gani. Hollywood ilikuwa na kanuni zake za zamani kuhusu kinachoruhusiwa kuonyeshwa. Mwaka 1968 zikaondolewa, ukaja mfumo wa kupanga picha kwa umri wa mtazamaji. Na mwaka huohuo Wamarekani walikuwa wanaiona vita ya Vietnam kila jioni kwenye televisheni, sebuleni kwao. Peckinpah hakutaka tena kuwadanganya kwamba kuua ni kitu chepesi. Akaweka kamera kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja na mwendo wake, na mhariri Lou Lombardo akavichanganya vipande. Ndiyo maana uliona mtu anadondoka kutoka juu ya paa taratibu, inakatwa tunaona wengine wanakimbia kwa mwendo wa kawaida, tunarudi kwake, bado yuko hewani. Leo kila picha ya ngumi na risasi ina slomosheni, ila nyingi zinaitumia kupamba. Hapa inakulazimisha uangalie kitu ambacho ungependa kipite haraka.

Kuhusu swali lako, mwongozaji hakuwaweka wale watoto na nge kwa bahati mbaya. Endelea kutazama watoto kila wanapotokea, utaona.

Kasuku wa Mvita

Dadangu, pole kwa msiba. Kabla ya yote angalia urefu wa nakala uliyonayo. Iliyo kamili ni kama dakika 145. Ilipotoka Marekani walikuja kuikata kama dakika kumi, wakatoa vipande vya kumbukumbu. Ukitazama iliyokatwa hutaelewa kwa nini Deke Thornton, aliyekuwa mwenzake Pike Bishop, kiongozi wa majambazi wale, sasa anamwinda Pike. Thornton alikamatwa Pike akiwa ametoroka, akafungwa, na sasa kaachiliwa kwa sharti awakamate wenzake wa zamani. Bila hicho kisa utabaki na risasi tupu.

Si damu mpaka mwisho. Baada ya hapo ulipoizima wanagundua mifuko waliyoiba imejaa washa, vile vipete vya chuma vya kuwekea nati, badala ya pesa, na watu wamekufa kwa ajili yake. Kisha wanavuka kuingia Mexico. Ni mwaka 1913, nchi iko kwenye mapinduzi. Kuna kijiji cha Angel, kijana wa Kimexico aliye katika kundi lao, na siku ya kuondoka wanakijiji wanawasindikiza kwa wimbo. Hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote. Wizi wa garimoshi nao unakwenda karibu bila maneno, utaupenda.

Pa kujiandaa ni pawili: Angel anapoburutwa nyuma ya motokaa, na mwisho ngomeni kwa Mapache, jenerali wa jeshi la Mexico. Mtoto hapana. Hata Marekani iliwekwa daraja la R, la watoto kutoingia bila mtu mzima.

Nuru Kigamboni

Mimi nakwenda kinyume kidogo na kaka zangu. Niliimaliza, na naheshimu ustadi wake. Lakini jinsi wanawake walivyowekwa humo iliniumiza. Karibu wote ni wa kuuzwa au wa kupigwa risasi. Yule mchumba wa Angel anauawa kwa wivu, na dakika chache baadaye watu wanacheka mezani. Mwongozaji aliyejua kutufanya tuone uchungu wa mwanamume anayedondoka kutoka juu ya paa, kwa nini hakumpa huyu msichana hata dakika moja?

Dada, usijione dhaifu kwa kuzima. Si lazima uimalize ili umpende baba yako.

Mzee wa Mikanda

Nuru, hapo umesema kweli, na sina cha kumtetea.

Mwana wa Kivu

Bonsoir ndugu zangu. Nilikulia Goma, siku hizi naishi Kampala. Nimeiona hii picha mara moja na sitairudia, ila kuna mtoto ndani yake ambaye sijamsahau. Kuna sehemu Mapache anashambuliwa kwenye stesheni, na kijana mdogo mwenye sare anamletea simu ya maandishi, anampigia saluti. Anamtazama jenerali kama anamtazama baba yake. Mwisho kabisa, anayemmalizia Pike ni mtoto mwenye sare na bunduki.

Sisi wa kwetu tumewaona watoto hao. Hakuna anayezaliwa na bunduki mkononi. Wanaanza kwa kutazama wakubwa, kama wale wa nge. Dada, kama hujawahi kuishi vita, itazame ujue. Kama umewahi, iache, wala mtu asikulaumu.

Binti wa Ngamiani

Asanteni sana, kila mmoja. Mwana wa Kivu, ujumbe wako umenifanya nimpigie mama simu usiku uleule.

Mama ameniambia jambo ambalo sikulijua. Nilijua baba alikuwa mgambo na kwamba alikwenda vita ya Kagera, lakini hakulizungumza nyumbani hata siku moja. Mama anasema alikwenda na wenzake watatu wa mtaa mmoja. Alirudi yeye na mwingine mmoja. Mkanda huu alikuja kuupata baadaye sana, na alikuwa anautazama peke yake, sisi tumelala. Na hakuwahi kuumaliza. Kila mara aliuzima mahali pamoja.

Nikamuuliza mama ni wapi. Akasema, "Pale wanaume wanne wanapochukua bunduki na kuanza kutembea."

Jana nimeitazama yote, mwanangu akiwa kwa shangazi yake. Pale mahali napajua sasa. Angel ameshakamatwa na kuteswa. Walishalipwa dhahabu yao, wangeweza kuondoka. Pike anawaambia twendeni, mmoja anajibu kwa nini tusiende, basi. Hakuna hotuba. Wanatembea wanne kwa mstari, kati ya askari waliolewa, kwenda kumdai mwenzao mmoja. Nilisimamisha picha hapo, nikakaa muda mrefu.

Kisha nikaendelea. Nuru, uliyosema niliyaona, na yaliniudhi kama wewe. Mauaji ya mwisho sikuyaweza yote, nilitazama sakafu mara kadhaa. Lakini baada ya kelele, Thornton anafika, anachukua bastola ya Pike, anakaa chini langoni akiegemea ukuta, vumbi linapita, majeruhi wanatoka, yeye amekaa tu. Baba alikuwa anakaa hivyo barazani.

Kasuku wa Mvita

Dadangu, umenitoa machozi. Je, yule mwenzake aliyerudi naye bado yuko hai?

Binti wa Ngamiani

Yupo, anaishi Pongwe. Mama anasema ndiye aliyembebea baba mkanda huo kutoka Dar. Jumamosi nakwenda Tanga, nitampelekea lile daftari alione.